Uanze na Riwaya Ipi ya Shadowrun: Mwongozo kwa Msomaji Mpya

Kila likizo ya shule inapoanza, vijana wawili watatu hubisha hodi nyumbani kwangu Chumbageni, Tanga, kuja kuazima vitabu, na swali linalofuata shikamoo ni lilelile: “Mwalimu, katika hivi vya Shadowrun, nianze na kipi?” Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara kijana akishaondoka hukumbuka jambo nililolisahau ambalo lingemwepusha na usumbufu. Nimeona ni heri niliandike jibu lote mahali pamoja, ili anayekuja kesho asome kwanza kisha achague.

Shadowrun ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, unaochezwa kwa karatasi, kalamu na dadu, uliotolewa mwaka 1989 na kampuni ya FASA ya Chicago, Marekani. Dunia yake ni ya miaka ya 2050, ambamo watu wanaunganisha ubongo wao na mtandao wa kompyuta, na papo hapo uchawi umerudi, majoka yanazungumza na kumiliki makampuni, na jirani yako anaweza kuwa na pembe. Kutokana na mchezo huo zilizaliwa riwaya karibu arobaini kati ya mwaka 1990 na 2001, nyingi zikiwa na nembo ya Roc, na nyingine zimefuata baadaye. Waandishi wake ni wengi, vitabu havifuatani kama sura za hadithi moja, na ubora wake haulingani. Hapo ndipo msomaji mpya anapopotea.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: anza na kitabu ambacho mhusika wake mkuu ana sababu ya kuuliza maswali. Anaweza kuwa mpelelezi, mgeni, au mtu ambaye maisha yake yamepinduka ghafla. Maadamu yeye anauliza, wewe utajibiwa pamoja naye. Ukianza na kitabu ambacho mhusika wake ni gwiji wa kazi hiyo na anajua kila kitu, hakuna atakayesimama kukueleza, na utafika katikati ukiwa umechoka kabla ya kuvutiwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kiingereza cha kukuwezesha kusoma gazeti bila kusimama kila sentensi, kwa kuwa vitabu vyote ninavyovitaja hapa vimeandikwa kwa lugha hiyo. Kamusi iwe karibu, ingawa maneno mengi yatakayokusumbua ni ya kubuniwa na hayamo katika kamusi yoyote.
- Daftari dogo na kalamu.
- Siku tatu mfululizo ambazo unaweza kupata walau saa moja ya utulivu. Vitabu hivi havipendi kusomwa kurasa nne leo na tatu wiki ijayo, hasa mwanzoni.
- Kitabu kimoja. Usikusanye vitano kwanza. Fedha zako zitakuwa zimekwenda kabla hujajua unapenda nini.

Huhitaji kuwa umewahi kuucheza mchezo wenyewe, wala kumiliki dadu, wala kuwa umemaliza michezo ya kompyuta yenye jina hilo, kwa sababu hiyo ina hadithi zake.

Nikuonye mapema juu ya makosa mawili yanayokula fedha. La kwanza ni kununua kitabu cha kanuni za mchezo ukidhani ni riwaya. Vyote vina neno Shadowrun jaladani, lakini kitabu cha kanuni ni kipana kama daftari kubwa la shule na ndani kimejaa majedwali na takwimu, wakati riwaya ni ndogo, ya kuingia mfukoni, na ndani ni maandishi matupu. La pili ni kuchanganya Shadowrun na mchezo mwingine wa Kimarekani uitwao Cyberpunk, uliotolewa mwaka 1988, ambao ndio uliozaa mchezo maarufu wa kompyuta wa mwaka 2020. Huo nao una makampuni makatili na viungo vya chuma mwilini, lakini hauna uchawi wala majoka. Ukimwambia muuza vitabu “nataka vya cyberpunk”, atakupa chochote. Mtajie Shadowrun kwa jina.

Hatua ya 1: Andika tarehe nne kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari

Waandishi wa riwaya hizi hudhani kwamba unazijua tarehe hizi, na wengi wao huzitaja kwa kupita tu. Ukiwa nazo mbele yako, nusu ya mkanganyiko umekwisha.

24 Desemba 2011: uchawi unarudi duniani, na joka kubwa linaonekana angani kwenye Mlima Fuji, Japani. Katika kipindi hichohicho wazazi wa kawaida wanaanza kuzaa watoto ambao ni elfi, yaani watu wembamba wenye masikio yaliyochongoka, au vibeti, yaani watu wafupi wa kimo.

30 Aprili 2021: watu wazima na vijana, takriban mmoja kati ya kumi, wanaanza kugeuka miili yao kwa maumivu makali, wengine wakawa orki, yaani watu wenye miili mikubwa na meno yaliyochomoza, na wengine wakawa troli, yaani majitu yenye pembe. Chuki iliyozaliwa siku hiyo inapita katika karibu kila riwaya, na bila kuijua hutaelewa kwa nini mhusika anakataliwa kuingia mgahawani.

2029: virusi vya kompyuta vinauangusha mtandao wa dunia nzima. Mtandao uliojengwa baada ya hapo ndio unaoitwa Matrix.

2050: mwaka ambao mchezo ulianzia. Riwaya za mwanzo zinazunguka hapo, na zilizofuata zinasogea mbele mwaka hadi mwaka.

Wapo wanaosumbuliwa na ukweli kwamba mwaka 2011 umeshapita na hakuna joka lililoonekana. Mchezo ulitolewa zaidi ya miaka ishirini kabla ya tarehe hiyo, na dunia yake ni nchi ya kubuni. Msomaji wa Tanga hana sababu ya kuiogopa nchi ya kubuni: Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapa hapa kwetu, mwaka 1909, alituandikia nchi inayoelea hewani, nasi tukaingia bila kumuuliza imening’inizwa na nini.

Hatua ya 2: Yajue maneno machache, mengine uyaache

Usijaribu kukariri istilahi zote. Haya yanatosha kukuvusha kitabu cha kwanza.

SIN ni namba ya utambulisho wa raia. Asiyekuwa nayo hawezi kufungua akaunti, kupanga nyumba kihalali wala kupata matibabu ya heshima. Aliyewahi kuhangaikia namba ya NIDA ili asajili laini ya simu ataielewa dhana hii haraka. Tofauti ni kwamba katika vitabu hivi kuna watu wanaoishi maisha yao yote bila namba, na serikali huwahesabu kama hawapo.

Nuyen ni fedha. “Chummer” ni neno la mtaani la kumwita rafiki. “Drek” na “frag” ni matusi ya kubuni, na maana yake utaipata kwa mlio wa sentensi.

Decker ni mdukuzi anayeunganisha ubongo wake na Matrix kwa waya, kupitia kifaa kiitwacho deck. Mage ni mchawi aliyejifunza kwa vitabu na fomula, kama mtu anayesomea uhandisi. Shaman hupata nguvu zake kutoka kwa roho ya mnyama anayemlea. Hapa naomba uwe mwangalifu, kwa kuwa sisi wa Tanga tumezoea wageni kutuuliza habari za uganga, na ni rahisi kumsoma shaman kama mganga wa kwetu. Mganga wa kwetu ana mteja, ana dawa na ana mafunzo aliyorithishwa na mkubwa wake. Shaman wa vitabu hivi huitwa na mnyama, akapewa masharti ya tabia ya mnyama huyo, na akiyavunja nguvu humpungukia. Mweke mahali pake mwenyewe.

Shadowrunner ni mtu anayekodiwa kufanya kazi za siri ambazo kampuni haitaki kuonekana inazifanya: kuiba faili, kumtorosha mtaalamu, kumlinda shahidi. Anayemkodi kwa kawaida hujiita Mr. Johnson, hata akiwa Mjapani. Ukiona Mr. Johnson watatu katika kitabu kimoja, ujue ni watu watatu tofauti.

Neno la mwisho ni “corp”, kampuni kubwa. Kampuni hizi zina mamlaka kamili ndani ya mipaka yake, kama ubalozi: zina askari wake, sheria zake, na wafanyakazi wanaozaliwa, wanaosoma na kuzikwa ndani yake. Vijana wengi huliona jambo hili kuwa la ajabu kuliko majoka. Mzee aliyekulia katika kambi ya shamba la mkonge upande wa Muheza halioni hivyo. Alilala katika nyumba ya kampuni, akatibiwa katika zahanati ya kampuni na kununua unga katika duka la kampuni, na safari ya kwenda mjini ilikuwa kama safari ya kwenda nchi nyingine. Kama una babu au bibi wa namna hiyo, muulize kabla hujafungua kitabu.

Hatua ya 3: Chagua mlango mmoja kati ya mitatu

Hii ndiyo hatua yenyewe, na usiipite haraka. Jiulize ni hadithi za namna gani zilizowahi kukukesha.

Mlango wa kwanza ni wa upelelezi. Kama ulikuwa ukimfuata Bwana Msa na kiko chake, ukitaka kujua nani alimuua nani na kwa nini, anza na 2XS ya Nigel Findley, iliyotoka mwaka 1992. Msimulizi ni Dirk Montgomery, mpelelezi wa kujitegemea wa mji wa Seattle, ambaye anavutwa katika kesi ya kifo cha mwanamke aliyewahi kuwa karibu naye, na uchunguzi unamfikisha kwenye chipu haramu inayoitwa 2XS, ambayo humpa mtumiaji hisia kali moja kwa moja ubongoni hadi imwangamize. Kinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, sura zake ni za kasi, na kinajitegemea kabisa. Kwa msomaji ambaye sijui chochote kuhusu ladha yake, hiki ndicho ninachompa, na hakuna hata mmoja aliyenirudishia bila kukimaliza.

Mlango wa pili ni wa safari ndefu. Kama unapenda kukaa na mhusika mmoja kwa muda mrefu, kumwona akiwa mjinga kisha akakomaa, anza na Never Deal with a Dragon ya Robert N. Charrette, ya mwaka 1990, ambayo ni juzuu ya kwanza ya utatu uitwao Secrets of Power. Zinazofuata ni Choose Your Enemies Carefully na Find Your Own Truth, zote za mwaka 1991. Sam Verner ni mfanyakazi mtiifu wa kampuni ya Kijapani ya Renraku. Dada yake anageuka mwili, kampuni haimwambii Sam aliko dada huyo, na kijana huyu ambaye hajawahi kutembea mtaani bila kibali cha bosi wake analazimika kutoka nje ya kuta. Kila anachokiona huko nje ni kipya kwake kama kilivyo kwako. Udhaifu wake nausema wazi: juzuu ya kwanza ina wahusika wengi, na theluthi yake ya kwanza inakwenda taratibu. Anayeuchagua mlango huu awe tayari kwa vitabu vitatu, maana kimoja hakimalizi hadithi.

Mlango wa tatu ni wa moyo. Changeling ya Chris Kubasik, ya mwaka 1992, inamhusu Peter, kijana wa Chicago, mtoto wa mwanasayansi, ambaye anageuka troli akiwa bado anasoma, na ambaye anayatoa maisha yake kutafuta njia ya kurudi kuwa alivyokuwa. Kina bunduki na magenge, lakini swali lake ni la mtu anayejitazama kwenye kioo na kukataa anachokiona, na linaulizwa kwa upole ambao sikuutarajia katika riwaya iliyozaliwa na mchezo. Nimekisoma mara tatu. Mimi humpa kitabu hiki yule anayeniambia kwamba hapendi hadithi za kompyuta, na pia kijana anayepita katika umri ule ambao mwili unabadilika bila kumwomba ruhusa.

Umri ni jambo la kuangaliwa. Vitabu hivi vina mauaji, dawa za kulevya na lugha kali. Kwa aliye chini ya miaka kumi na tano, mzazi akisome kwanza.

Hatua ya 4: Hakikisha nakala kabla ya kulipa

Nakala za zamani hupatikana kwa wauza vitabu vya mitumba, zikichanganyika na vitabu vya mapishi na vya kompyuta vilivyopitwa na wakati. Kabla ya kutoa fedha, fanya mambo matatu: soma jalada lote kuona kama kuna maneno yanayoonyesha juzuu ya ngapi, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji uone mwaka, kisha pekua kurasa za mwisho uhakikishe hazijang’oka. Kukosa ukurasa wa kumi si msiba, kukosa sura ya mwisho ni msiba.

Nayasema haya kwa uchungu. Kitabu changu cha kwanza cha Shadowrun kilikuwa Clockwork Asylum, nilichokinunua kwa haraka kwenye meza ya mitumba kwa kuwa jina lake lilinivutia. Sikujua kwamba ni juzuu ya pili ya utatu, na kwamba utatu wenyewe unamtaka msomaji awe ameshaijua dunia hii kwa miaka. Nilikisoma hadi mwisho kwa ukaidi, sikuelewa nusu yake, na nikaacha mfululizo huu kwa muda mrefu nikiamini kwamba haukuandikwa kwa ajili ya watu kama mimi. Kosa lilikuwa la mpangilio, na nimewaona vijana wenye akili wakiacha kwa sababu hiyohiyo.

Kwa wanaosoma kwenye simu, baadhi ya riwaya za zamani zimetolewa upya kwa mfumo wa kielektroniki chini ya jina la Shadowrun Legends, zikiwa na majalada tofauti na ya awali. Linganisha jina la kitabu na la mwandishi, usije ukanunua kile ulichonacho tayari. Pakua kitabu chote kabla ya kuanza, ili bando likiisha usikwame katikati ya sura.

Hatua ya 5: Soma kurasa hamsini za kwanza bila kusimama

Soma kwa mkupuo mmoja au miwili. Ukikutana na neno usilolijua, liandike daftarini na namba ya ukurasa, kisha endelea. Usifungue kamusi, usitafute intaneti. Maneno mengi yatajieleza yenyewe kabla hujafika ukurasa wa hamsini. Ukifika hapo, rudi kwenye daftari na ufute yale uliyokwisha kuyaelewa. Yatakayobaki hayatazidi kumi, na hayo ndiyo ya kuuliza.

Kosa linaloharibu hatua hii ni kusoma maelezo marefu ya historia ya dunia hii mtandaoni kabla ya kukisoma kitabu. Maelezo hayo yanafichua siri ambazo waandishi walizificha kwa makusudi, na siri kubwa ya 2XS ni mojawapo.

Hatua ya 6: Kitabu cha pili kifuate mwandishi

Ukikipenda kitabu cha kwanza, mfuate aliyekiandika, kwa sababu katika mfululizo huu mkono wa mwandishi unatofautisha vitabu kuliko namba iliyo jaladani.

Aliyependa 2XS aende kwenye Shadowplay ya mwaka 1993, ambamo decker mzoefu na kijana wa genge wanaunganishwa na tukio lisilowahusu, kisha Lone Wolf ya mwaka 1994, kuhusu askari aliyejipenyeza ndani ya genge hadi mpaka kati ya kazi na urafiki ukafutika. Aliyelelewa na visa vya Willy Gamba atakipenda hiki cha pili kuliko vyote. House of the Sun, ya mwaka 1995, inamrudisha Dirk Montgomery, safari hii Hawaii, na isomwe mwisho. Findley alifariki mwaka huohuo wa 1995, kwa hiyo orodha yake ni fupi na unaweza kuimaliza yote. Fanya hivyo, kwangu mimi hakuna aliyeielewa dunia hii vizuri zaidi yake.

Aliyemaliza utatu wa Charrette asome Never Trust an Elf, ya mwaka 1992, ambamo mhusika mkuu ni orki aitwaye Kham na tunaona familia za orki zinavyoishi kwa ndani.

Aliyeguswa na Changeling asome The Lucifer Deck ya Lisa Smedman, ya mwaka 1997, ambayo inamfuata Pita, binti wa orki anayeishi mitaani Seattle. Wasichana wanaokuja kuazima vitabu huulizana wao kwa wao nani anacho.

Anayetaka hadithi za nje ya Marekani aanze na Streets of Blood ya Carl Sargent na Marc Gascoigne, ya mwaka 1992, inayotokea London, kisha Nosferatu na Black Madonna za waandishi haohao, kwa utaratibu huo. Asiye na muda wa riwaya nzima atafute Into the Shadows, mkusanyiko wa hadithi fupi wa mwaka 1990, au Wolf and Raven ya Michael A. Stackpole, ya mwaka 1998, ambayo nayo ni hadithi zinazojitegemea za wahusika walewale.

Huulizwa pia kama Afrika imo. Imo: Hell on Water ya Jason M. Hardy inatokea Lagos. Hata hivyo ni ya kizazi kipya cha vitabu hivi, na kabla ya kuifungua ongeza tarehe ya tano daftarini: mwaka 2064 mtandao unaanguka mara ya pili, na unaojengwa baada yake hauhitaji waya. Isome ikiwa ya nne au ya tano, utaifaidi zaidi.

Hatua ya 7: Viweke kando hivi hadi uwe umesoma vitano

Utatu wa Dragon Heart wa Jak Koke, yaani Stranger Souls, Clockwork Asylum na Beyond the Pale, wa mwaka 1997 hadi 1998. Unaanzia kwenye kifo cha Dunkelzahn, joka aliyechaguliwa kuwa rais na kuuawa usiku wa kuapishwa kwake mwaka 2057. Asiyemjua Dunkelzahn hatahuzunika, na utatu wote umejengwa juu ya huzuni hiyo.

Worlds Without End ya Caroline Spector, ya mwaka 1995. Inaifunga dunia ya Shadowrun na Earthdawn, mchezo mwingine wa FASA unaohusu enzi ya kale ya uchawi, na bila kuujua uhusiano huo utaona watu wakikumbuka mambo ambayo hayapo popote katika kitabu.

Burning Bright ya Tom Dowd, ya mwaka 1994, ni nzuri sana, lakini inachukua kama jambo linalojulikana siri ambayo 2XS inaifichua hatua kwa hatua. Ukiitanguliza, umejinyima moja ya mishtuko bora ya mfululizo mzima.

Striper Assassin ya Nyx Smith, ya mwaka 1993, ina mhusika ambaye ni mwanamke na papo hapo ni chuimilia. Vijana wa pwani, waliokua wakisikia visa vya watu wanaojigeuza simba, huikimbilia. Isubiri kidogo: mhusika huyo anajua kazi yake, haulizi swali, na kitabu hakimwelezi mgeni.

Ukikwama

*Nimefika ukurasa wa themanini na sielewi nani ni nani.* Hili hutokea zaidi katika Never Deal with a Dragon. Rudi mwanzo, usisome upya, pekua tu, na uandike daftarini kila jina na maneno matatu: anafanya kazi gani, kwa nani, ni wa jamii gani. Ukishafika majina kumi na mawili, endelea ulipoishia.

*Sehemu za Matrix zinanichosha.* Ziliandikwa wakati ambapo watu wachache sana walikuwa na intaneti, na waandishi waliufikiria mtandao kama mji wenye majengo ya mwanga. Zisome kama safari ya ndotoni. Unachohitaji kukumbuka ni mawili tu: decker anatafuta nini, na nini kitaupata mwili wake aliouacha kitini akigunduliwa.

*Nimepata juzuu ya pili, ya kwanza haipatikani.* Usiisome. Iweke, na uchukue mlango mwingine kati ya ile mitatu. 2XS na Changeling hazidai kitabu chochote kabla yake.

*Kitabu kinaachia kurasa.* Gundi ya nakala hizi imekauka kwa miaka, na hewa yetu ya bahari inamalizia kazi. Usikipanue kitabu hadi kilale kifudifudi. Kurasa zikitoka, zipange kwa namba, paka gundi nyeupe ya mbao kidogo sana kwenye uti, funika kwa karatasi ya nailoni, kisha kibane chini ya kitu kizito usiku kucha. Kihifadhi ndani ya sanduku kavu mbali na dirisha, na msimu wa masika kitoe mara moja kwa wiki kipate hewa kivulini. Ukungu ukishaingia katikati ya kurasa hautoki.